Fenda iliyobondwa ajalini: Jinsi inavyotolewa katika gereji za jua kali na mambo yanayopaswa kutangulia

FENDA ni mojawapo ya sehemu za gari zinazoumia mapema zaidi katika ajali za jijini Nairobi. Gari linapogonga kwa pembe ya mbele, iwe ni katika msongamano wa Barabara ya Ngong au katika makutano ya Kawangware, bati hilo jembamba linalofunika gurudumu la mbele ndilo hupinda na kukunjamana, na mara nyingine hukwaruza tairi hadi gari lisiweze kusonga. Kazi ya kuling'oa huwaangukia zaidi mafundi wa jua kali, ambao hufanya kazi kandokando ya barabara kwa spana chache na ujuzi mwingi.

Kwa anayetazama kutoka mbali, kazi hiyo ni nyepesi: bolti kadhaa zinafunguliwa, bati linatoka, jingine linawekwa. Hata hivyo, ndani yake mna mambo matatu yanayoweza kumgharimu mwenye gari au fundi. La kwanza ni sheria, kwa kuwa fenda iliyobondwa ni ushahidi wa ajali. La pili ni usalama wa mwili, kwa kuwa nyuma ya bati hilo hupita nyaya za umeme na vihisio vya mifuko ya hewa. La tatu ni madhara yaliyojificha, kwa maana bati la nje linaweza kunyooshwa likapendeza ilhali kiunzi kilicho ndani yake kimepinda.

Fenda ni kitu gani

Katika lugha ya gereji za Kenya, fenda ni bati la ubavuni mwa gari linaloanzia kwenye taa ya mbele, likapita juu ya gurudumu na kuishia mlango wa mbele unapoanzia. Wengine huliita madigadi, ingawa jina hilo hutumiwa pia kwa kile kipande cha mpira au plastiki kinachoning'inia nyuma ya tairi ili kuzuia matope. Kazi ya fenda ni kuzuia maji, mawe na matope yanayorushwa na gurudumu yasiwafikie watu wengine barabarani wala kuingia katika sehemu za injini.

Bati la fenda ya mbele katika magari mengi madogo huwa na unene usiofika hata milimita moja. Wembamba huo ndio unaoifanya ipinde upesi. Sehemu inayobeba uzito wa gari na kupokea nguvu ya ajali imo ndani zaidi: ni mihimili ya chesisi pamoja na bati nene lililolehemiwa, ambalo linashikilia shokomzoba.

Ni muhimu kutofautisha fenda ya mbele na bati la ubavuni nyuma ya mlango wa abiria. Fenda ya mbele hufungwa kwa bolti, hivyo huweza kutolewa na kurejeshwa bila kukata chochote. Bati la nyuma limelehemiwa na mwili mzima wa gari. Kulitoa ni kazi ya kukata na kulehemu, na haifai kukabidhiwa mtu ambaye amezoea spana pekee. Aidha, si kila fenda ni ya chuma. Magari ya Nissan X-Trail ya toleo la kwanza, ambayo bado yanaonekana katika barabara za Kenya, yalitengenezwa yakiwa na fenda za mbele za plastiki ngumu. Fundi anayeanza kuigonga kwa nyundo fenda ya aina hiyo huishia kuipasua.

Mafundi wa Lindi na Kawangware

Lindi ni mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera, pamoja na Makina, Laini Saba, Mashimoni, Gatwekera, Silanga na vinginevyo. Ni jina la wadi pia katika eneobunge la Kibra, ambalo lilianza kuwakilishwa bungeni kufuatia uchaguzi wa 2013 baada ya kutengwa na Lang'ata. Nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kijiji haifikiki kwa gari. Kwa sababu hiyo, fundi anayeishi Lindi hulazimika kutafuta riziki ukingoni, mahali penye nafasi ya kuegesha magari mawili au matatu. Mnamo Julai 2018, maelfu ya wakazi wa Kibera walibomolewa makao yao ili kupisha ujenzi wa barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Nafasi ya kufanyia kazi mtaani humo haina uhakika, na anayeikalia leo anaweza kuipoteza kesho.

Hali ni hiyo hiyo huko Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, ambako magari hutengenezewa palepale yanapoegeshwa, jirani na wauza mboga na mafundi wa vitanda vya chuma. Jina jua kali lilitokana na mafundi wa aina hiyo, waliofanya kazi chini ya jua bila paa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka wa 1972, ndiyo iliyoifanya dunia itambue uzito wa sekta hiyo isiyo rasmi, na mwaka wa 1986 serikali ya Kenya iliipa nafasi katika Waraka wa Bunge Nambari 1 kuhusu uchumi.

Mafundi wengi hujifunza kwa kumtazama fundi mkuu na kumshikia vifaa. Njia hiyo huzaa mikono hodari, ila humwacha kijana bila cheti. Wanaotaka kutambuliwa rasmi wanaweza kufanya mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yenye viwango vitatu, kuanzia cha tatu hadi cha kwanza.

Sheria hutangulia spana

Kosa kubwa linalofanywa baada ya ajali ni kukimbilia gereji. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyosababisha jeraha au hasara asimame, na atoe jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari na nambari ya usajili kwa mtu mwenye sababu ya kuyauliza. Iwapo hakutoa maelezo hayo kwa sababu yoyote ile, sharti aripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita.

Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuliondoa au kulichezea gari lililohusika katika ajali, au sehemu yoyote ya gari hilo, bila idhini ya afisa wa polisi, isipokuwa kwa mambo ya dharura kama vile kuwaokoa waliokwama au kuzuia moto. Neno "sehemu yoyote" linaijumuisha fenda. Alama ya rangi iliyobaki kwenye bati, kina cha mbonyeo na upande ambao taa ilivunjikia ndivyo vitu vinavyomsaidia mkaguzi kujua gari lilikuwa likielekea wapi na liligonga nini.

Jambo hili si dogo katika nchi ambayo zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani mwaka wa 2023, kundi kubwa zaidi likiwa la wanaotembea kwa miguu. Jamaa ya mtu aliyegongwa na kuachwa barabarani usiku huenda isipate haki kamwe ikiwa fenda na taa ya gari lililomgonga zimebadilishwa kabla ya mapambazuko. Fundi anayeletewa gari usiku, likiwa na boneti iliyobonyea na kioo kilichopasuka, na akaahidiwa malipo maradufu ili amalize kabla ya asubuhi, anapaswa kuuliza hati ya polisi kwanza. Asipouliza, huenda akajikuta mbele ya hakimu akieleza kwa nini alisaidia kuficha ushahidi.

Hati inayotolewa na polisi baada ya kuandikisha ajali hujulikana kama abstrakti. Bila hiyo, ni vigumu kampuni ya bima kushughulikia madai. Mwenye bima kamili anastahili pia kuiarifu kampuni yake na kusubiri mkadiriaji wa hasara alione gari kabla ya kitu chochote kufunguliwa. Naye mwenye bima ya wahusika wengine pekee afahamu kwamba bima hiyo haimlipii fenda yake mwenyewe. Gharama ni zake, isipokuwa atakapothibitisha kuwa makosa yalikuwa ya dereva mwingine. Kwa hali zote mbili, ni busara kupiga picha za gari kutoka pande zote nne, na picha za karibu za sehemu iliyoumia, huku nambari ya usajili ikionekana katika baadhi yake.

Ukaguzi kabla ya kufungua

Gari likishafika gereji kihalali, fundi mwangalifu hulizunguka kwanza. Hutazama chini kuona kama kuna petroli, maji ya rejeta au mafuta yanayovuja. Harufu ya petroli ikisikika, kazi husimama na moto wowote, ikiwemo sigara na mashine ya kulehemu, huwekwa mbali. Rejeta iliyo moto haifunguliwi.

Kisha hukagua nafasi zilizopo kati ya boneti na fenda, na kati ya fenda na mlango, katika upande ulioumia na ule mzima. Iwapo mlango wa upande uliogongwa umeshuka au haufungiki vizuri, au gurudumu limerudi nyuma kuliko la upande wa pili, madhara yamevuka fenda. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kupima kwa utepe kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kila upande, magurudumu yakiwa yameelekezwa mbele sawasawa. Vipimo viwili vikitofautiana waziwazi, gari linahitaji mtaalamu wa chesisi, na kubadilisha fenda pekee kutakuwa sawa na kupaka rangi nyumba ambayo msingi wake umepasuka.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: boksi spana, hasa ya saizi ya 10 ambayo hufungua bolti nyingi za fenda za magari ya Toyota, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, jeki pamoja na stendi imara za kuegemezea gari, spana ya magurudumu, mafuta ya kulegezea kutu, glavu nene, na miwani ya kukinga macho. Makopo mawili au matatu matupu ya kuwekea bolti kwa mpangilio yatamwokolea fundi muda mwingi baadaye.

Hatua za kuitoa

Hatua ya kwanza ni umeme. Swichi ya gari huzimwa, kisha waya wa hasi wa betri hufunguliwa na kuwekwa mbali ili usiguse nguzo yake. Katika magari yenye mifuko ya hewa, fundi husubiri kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu mfumo huo huhifadhi umeme kwa muda mfupi hata betri inapotolewa. Miongozo ya Toyota hutaja sekunde zisizopungua 90; kungoja dakika kadhaa zaidi hakumpunguzii mtu chochote. Vihisio vya mbele vya mfumo huo hukaa karibu na taa na mihimili ya mbele, yaani palepale ambapo nyundo na mtaimbo hupenda kupita.

Hatua ya pili ni kufungua boneti, kwa kuwa safu ya bolti za juu za fenda imefichwa chini ya ukingo wake. Ajali ikiwa imeikwamisha, mtu mmoja hulivuta komeo ndani ya gari huku mwenzake akiibonyeza boneti kwa viganja na kuiachilia. Kuitia mtaimbo pembeni huharibu boneti ambayo pengine ilikuwa salama.

Hatua ya tatu ni gurudumu. Gari huwekwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa na magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe au vipande vya mbao. Nati hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, ndipo jeki ipandishwe. Kabla ya gurudumu kutolewa, gari huegemezwa juu ya stendi. Katika gereji za udongo, ubao mpana huwekwa chini ya jeki na stendi ili zisizame. Hakuna anayepaswa kuingiza mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua ya nne ni ile plastiki nyeusi inayofunika upande wa ndani wa fenda juu ya gurudumu. Imeshikwa kwa skrubu na klipu. Klipu nyingi zina kitufe katikati ambacho huinuliwa kwa bisibisi bapa au kubonyezwa kidogo, kutegemea aina yake. Kuzing'oa kwa nguvu huzivunja. Gari linalorejeshwa barabarani bila plastiki hiyo hurushiwa matope moja kwa moja kwenye nyaya na bolti, na kutu huanza upya.

Hatua ya tano ni bampa, kwa sababu katika magari mengi ya kisasa ncha yake imepishana na ukingo wa mbele wa fenda. Klipu za juu, karibu na komeo la boneti, hutolewa, kisha skrubu zilizomo ndani ya uwazi wa gurudumu kila upande, kisha zile za chini. Pembe za bampa huvutwa kuelekea nje taratibu mpaka ziachie. Iwapo kuna taa za ukungu, plagi zake hutenganishwa kabla ya bampa kuvutwa mbele, la sivyo nyaya zitakatika.

Hatua ya sita ni taa. Taa kuu hushikwa kwa bolti chache, na baadhi yake hazionekani mpaka bampa itoke. Plagi hutolewa kwa kubonyeza kishikio chake, haivutwi kwa waya. Indiketa ndogo iliyo ubavuni mwa fenda, na eriali ya redio ikiwa iko hapo, hutolewa pia.

Hatua ya saba ndiyo ya fenda yenyewe. Kabla ya kufungua, fundi huchora mstari kwa kalamu kuzunguka kila bolti ili kuonyesha mahali ilipokuwa; matundu ya fenda huwa mapana kuliko bolti, na alama hiyo humsaidia kurejesha bati mahali pake. Bolti za kutafutwa ziko katika sehemu nne: safu ya juu chini ya ukingo wa boneti, moja au mbili mbele, nyuma ya mahali palipokuwa na taa, moja au mbili chini kabisa, nyuma ya gurudumu, pale fenda inapokutana na kizingiti cha mlango, na moja iliyojificha karibu na nguzo ya mlango, ambayo katika magari mengi huonekana tu mlango wa mbele unapofunguliwa. Bolti hii ya mwisho ndiyo huwasumbua wanagenzi. Wakiisahau, huvuta bati kwa nguvu wakidhani limeganda, na kulikunja zaidi.

Bolti zote zikitoka, fenda huinuliwa na watu wawili. Ikigoma, husimamishwa na kuchunguzwa: pengine imebaki bolti moja, au kuna gundi ya kuzuia maji karibu na nguzo ya mlango, ambayo hukatwa kwa kisu chembamba. Kingo za bati lililopasuka ni kali kama wembe, na hapo ndipo glavu huthibitisha thamani yake.

Mlango uliokwama na bolti zenye kutu

Ajali ikisukuma fenda nyuma, ukingo wake huingia juu ya mlango au chini yake. Dereva anayelazimisha mlango kufunguka huukwaruza na kuukunja, na badala ya bati moja la kutengeneza anakuwa na mawili. Fundi hutumia mlango wa upande wa pili kuingia, hufungua kwanza bolti za juu, za mbele na za chini, kisha huivuta fenda kuelekea mbele polepole mpaka mlango upate nafasi. Ukingo wa mlango hufunikwa kwa utepe wa gundi au kitambaa kabla ya kuvuta.

Bolti za chini, zinazopigwa na maji kila msimu wa mvua, mara nyingi huwa zimeshikana kwa kutu. Husuguliwa kwa brashi ya waya, humwagiwa mafuta ya kulegezea na kuachwa kwa muda. Kisha huzungushwa nusu mzunguko mbele na kurudishwa, tena na tena. Haraka hapa huzaa hasara, kwani nati inayoishika bolti mara nyingi imelehemiwa kwa ndani. Bolti ikikatika, kazi ya dakika moja hugeuka kuwa ya saa nzima ya kutoboa kwa drili. Mashine ya kukatia chuma hutoa cheche, na haifai kutumiwa kabla ya kuhakikisha hakuna petroli, plastiki wala nyaya karibu.

Kunyoosha au kubadilisha

Fenda ikishatoka, siri ya ajali hufichuka. Bati la ndani lililolehemiwa likiwa na mikunjo, au rangi yake ikiwa imepasuka kwenye maungio, ni dalili kwamba nguvu ya kishindo ilifika mbali. Mwenye gari anapaswa kuitwa alione mwenyewe wakati huo, kabla ya bati jipya kufunika kila kitu.

Mbonyeo wa kawaida hunyooshwa kwa nyundo upande mmoja na kipande cha chuma cha kuegemezea upande wa pili. Bati lililopasuka, lililokunjwa mara mbili au lililoliwa na kutu kwenye matundu ya bolti ni heri libadilishwe. Kuna wanaoficha mikunjo kwa fila nene, ambayo hupendeza kwa miezi michache kisha hupasuka na kudondoka kutokana na mtikisiko wa barabara. Fila hupakwa kwa utando mwembamba, juu ya bati ambalo tayari limenyooka.

Kwa wanaobadilisha, vipuri vya Nairobi hutafutwa zaidi katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, jina lake la enzi ya ukoloni. Magari mengi ya kibinafsi nchini huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japan, chini ya kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini inayozuia magari yaliyozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo kuna soko kubwa la fenda zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa ng'ambo, sambamba na mpya zilizoigwa viwandani. Fenda halisi iliyotumika mara nyingi hukaa vizuri kuliko ya kuigwa, mradi haina kutu.

Mnunuzi adai risiti yenye jina la duka. Bei ya chini kupita kiasi, au muuzaji anayetaka malipo kichochoroni, ni ishara ya mali ya wizi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, anayepatikana na hatia ya kushughulikia mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Kuirejesha barabarani

Fenda mpya hujaribiwa kwenye gari kabla ya kupakwa rangi. Bolti zote huingizwa bila kukazwa, mlango na boneti hufungwa polepole, na bati husogezwa mpaka nafasi zilingane na za upande mzima. Ndipo bolti zikazwe, kwa kuanzia upande wa mlango kuelekea mbele. Upande wa ndani hupakwa dawa ya kuzuia kutu.

Betri ikisharejeshwa, taa, indiketa na honi hujaribiwa. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa ikiendelea kuwaka kwenye dashibodi, gari lipelekwe kwa mtaalamu wa umeme mwenye kifaa cha kusoma hitilafu. Mwelekeo wa taa kuu nao hukaguliwa, kwa sababu taa iliyofungwa vibaya huwapofusha madereva wanaotoka upande mwingine. Nati za magurudumu hukazwa kwa kupishana, na hukaguliwa tena baada ya gari kwenda mwendo mfupi.

Mapafu ya fundi

Gharama moja haiandikwi kwenye risiti. Vumbi la kusugua fila na rangi ya zamani huingia kifuani, na rangi nyingi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha huwa na kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinajulikana kusababisha pumu kwa wapaka rangi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Kinachotakiwa ni barakoa maalumu yenye vichujio, na kazi ya kupuliza rangi ifanywe mbali na watu. Katika mitaa iliyosongamana kama Lindi na Kawangware, ambako watoto hucheza hatua chache kutoka gereji, tahadhari hiyo inawahusu majirani sawa na fundi.

Dereva wa teksi ambaye gari lake limelala gereji hapati mapato, na ni rahisi kuelewa kwa nini humsukuma fundi aharakishe. Hata hivyo, ratiba ya kazi hii imejipanga yenyewe: polisi, picha, mkadiriaji, betri, ndipo spana. Anayeifuata huweza kutoka gereji na gari zima na karatasi za kumtetea pindi atakapoulizwa, naye fundi aliyemhudumia hubaki na jina safi, ambalo kwa mtu asiye na bango wala jengo ndilo humletea mteja wa kesho.